UZI: Kuacha dawa za sonona. Anza taratibu, malizia taratibu zaidi

#1 Mzani (mwanzisha uzi)

Wakuu, nianze na lililo la haraka. Kama unameza dawa ya sonona na leo umeamka ukaamua kwamba basi, usiitupe. Meza dozi yako kama kawaida, soma uzi huu kwa nafasi, halafu kakae na daktari anayekuandikia. Dawa hizi zinaachika, na walioziacha salama ni wengi. Wanaoumia, kwa ninavyowaona kwenye kazi yangu ya ufamasia, wengi wao waliumizwa na mwendo tu. Walishuka haraka mno, na mwishoni ndipo walipokimbia zaidi.

Nazungumzia kundi zima: sertralini, fluoksetini, paroksetini, sitalopramu na esitalopramu, venlafaksini na duloksetini, mirtazapini, na zile za zamani kama amitriptilini na imipramini. Kuna wanaozimeza kwa ajili ya wasiwasi uliopitiliza, maumivu ya neva au kipandauso. Yanawahusu na wao, maana mwili hauulizi dawa iliandikwa kwa ugonjwa gani.

Kwa nini mwili unalalamika? Nyingi ya dawa hizi huzuia protini inayorudisha serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, ndani ya seli hizo. Serotonini inabaki nyingi nje ya seli, na ubongo, kwa kuwa umeishi na hali hiyo miezi au miaka, unajipanga upya kwa kupunguza usikivu wake. Ukiacha ghafla, dawa inatoka ndani ya siku chache. Ubongo haujirudishi kwa siku chache. Katika pengo hilo ndipo unapopata kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, mwili kuuma kama una mafua, usingizi kupotea au kujaa ndoto kali, machozi yasiyo na sababu, hasira za ghafla, ganzi, na kile ambacho watu wengi hukieleza kwa maneno yaleyale: shoti ya umeme inayopita kichwani, hasa ukigeuza macho haraka.

Hili si jambo la jana. Mwaka 1959 madaktari walikuwa tayari wameandika kuhusu wagonjwa waliougua baada ya kuachishwa imipramini. Lakini kwa miongo mingi watu waliambiwa kwamba dalili ni nyepesi na zitaisha ndani ya wiki moja au mbili, na asiyepona kwa muda huo akaambiwa ugonjwa wake umerudi. Mwaka 2019 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha Uingereza kilibadili msimamo wake na kukubali kwamba kwa baadhi ya watu dalili huwa kali na za muda mrefu. Mwongozo wa sonona wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko huko Uingereza, nao ulipotoka upya mwaka 2022 ukasisitiza kushuka kwa hatua.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi. Watu hudhani ukikata dozi nusu, umekata nguvu ya dawa nusu. Sivyo. Tazameni sitalopramu, kwa makadirio yaliyotokana na picha za ubongo, ambayo Mark Horowitz na David Taylor waliyatoa kwenye jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2019:

Miligramu 40 huzuia karibu asilimia 86 ya zile protini.
Miligramu 20, karibu asilimia 80.
Miligramu 9, asilimia 70.
Miligramu 5.4, asilimia 60.
Miligramu 3.4, asilimia 50.
Miligramu 1.5, asilimia 30.
Miligramu 0.8, asilimia 20.
Miligramu 0.4, karibu asilimia 10.

Zisomeni tena polepole. Aliyetoka 40 kwenda 20 amepoteza kama asilimia 5 tu ya kazi ya dawa, ndiyo maana wengi husema "sikuhisi kitu". Aliyetoka 5 kwenda sifuri amepoteza karibu 60 kwa mkupuo. Yeye anaona ameacha kakidonge kadogo tu, kumbe ubongo wake ndio umepata pigo kubwa kuliko yote.

Kwa hiyo hatua hazipaswi kulingana. Kila unapoteremka, punguza sehemu ya dozi uliyo nayo sasa, si ya ile uliyoanza nayo. Mfano unaotolewa na NICE ni kukata nusu ya dozi mwanzoni, kisha robo robo ukifika chini. Kwa aliyetumia miaka mingi, au aliyewahi kujaribu akaumia, kuna madaktari wanaokwenda kwa asilimia 10 ya dozi ya sasa kila mwezi: kutoka 20 kwenda 18, kisha 16.2, kisha 14.6, na kuendelea. Wengi hawahitaji mwendo wa pole kiasi hicho. Aliyemeza kwa wiki chache tu kwa kawaida hushuka haraka bila taabu. Lakini mwendo unaamuliwa na jinsi unavyojisikia katika hatua uliyopo. Kalenda inakuja nyuma.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua, na wenye uzoefu mchangie.

#2 KichwaKizito

Mkuu shukrani, hizo shoti nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikuwa paroksetini miligramu 20 kwa miaka kadhaa. Nilishauriwa nimeze siku moja, niruke siku moja, kwa wiki mbili, halafu niache. Siku za kuruka nilikuwa siwezi hata kusimama bafuni. Sasa sina dawa kabisa, kama wiki hivi, na hali ni mbaya kuliko nilivyokuwa kabla ya kuanza kuimeza. Nalia nikiona tangazo la sabuni. Nivumilie au?

#3 Mzani (mwanzisha uzi)

Pole sana kaka. Usivumilie kimya kimya. Mpigie daktari wako leo, si wiki ijayo.

Nikuambie kilichotokea. Paroksetini hupungua nusu yake mwilini kwa muda wa kama saa 21. Ukiruka siku, kabla hujafika dozi inayofuata kiwango kimeshaporomoka, kisha unakipandisha tena, kisha kinaporomoka. Umekuwa ukiacha dawa na kuianza upya kila baada ya siku mbili. Venlafaksini ni mbaya zaidi kwa hili, yenyewe hupungua nusu ndani ya saa 5 hivi, na zao lake linalofanya kazi mwilini kama saa 11. Kuna watu wanaohisi dozi iliyochelewa kwa nusu siku tu. Kuruka siku hakufai kwa dawa hizi. Punguza kiasi, lakini meza kila siku, saa ileile.

Fluoksetini iko peke yake. Kwa aliyeitumia muda mrefu huchukua siku 4 hadi 6 kupungua nusu, na zao lake hukaa zaidi ya hapo. Inajishusha yenyewe polepole, na ndiyo maana baadhi ya madaktari humhamisha mgonjwa kutoka dawa ya muda mfupi kwenda fluoksetini kwanza, kisha wakaishusha hiyo. Usijihamishe mwenyewe. Mbadilishano huo una hesabu zake, na dawa mbili za serotonini zikikutana vibaya ni hatari.

Kwako wewe, la kumuuliza daktari ni hili: je, nirudi kwenye dozi ya mwisho niliyokuwa sawa nayo, nitulie, kisha nishuke kwa hatua ndogo? Wengi wakirudi mapema hupata nafuu ndani ya siku chache. Kadiri muda unavyopita bila dawa ndivyo nafuu hiyo inavyokuwa haina uhakika, ndiyo maana nakusihi upige leo.

Na nikuulize waziwazi, kwa kuwa najali: je, yanakujia mawazo ya kujiua au kwamba ni afadhali usingekuwepo? Kama yapo, hata kidogo, usikae peke yako. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke kwenye huduma ya dharura sasa hivi.

#4 KichwaKizito

Hapana mkuu, hayo sina. Ni machozi na shoti na kukosa usingizi. Nimempigia, nakwenda kesho asubuhi, mdogo wangu atanisindikiza.

#5 MkeWaMtu

Samahani naingia katikati. Mume wangu alimaliza esitalopramu hivi karibuni. Sasa amekuwa mkali, halali, anasema anahisi kama mashua inayumba. Ndugu wote wanasema "umeona, ugonjwa umerudi, arudi kwenye dawa maisha yake yote". Mimi namjua mume wangu. Alipoumwa mara ya kwanza alikuwa kimya, amelala, haongei na mtu. Hii siyo ile. Nawezaje kujua?

#6 NilivukaSalama

Dada, nimepitia hayo na umeshika jambo kubwa: "hii siyo ile." Mwandikie daktari hayo maneno kama ulivyoyaandika hapa.

Mimi nilifundishwa kutazama mambo matatu. La kwanza ni lini yalianza. Dalili za kuacha dawa kwa kawaida huanza ndani ya siku chache baada ya kupunguza au kumaliza. Sonona inayorudi huja kwa kujongea, wiki kadhaa au miezi. La pili ni zinafananaje. Shoti kichwani, mwili kuyumba, kichefuchefu, ganzi, hizo si dalili za sonona. Kama hakuwa nazo alipoumwa mwanzo, ugonjwa wake haukuwa nazo. La tatu ni mwenendo. Dalili za kuacha dawa hupanda na kushuka, leo mbaya, kesho mtu anacheka mezani, keshokutwa zimerudi. Sonona hukaa palepale siku nenda siku rudi, na kuondoa ladha ya kila kitu.

Lakini nikuonye, mipaka haiko wazi kila mara. Huzuni na wasiwasi viko pande zote mbili. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Usiamue mwenyewe nyumbani, wala usiwaachie ndugu waamue. Andika kila siku mistari miwili: amelala vipi, dalili zipi, ukali wake kwa kumi ni ngapi. Daktari akiliona daftari la wiki mbili anaona mengi kuliko kwenye dakika kumi za maongezi.

Na kwa mumeo, mwambie unajua kwamba hasira hizo si tabia yake. Mimi kilichoniumiza kuliko shoti ilikuwa kuangaliwa kama mtu niliyeharibika.

#7 ZamuYaUsiku

Mimi ni daktari, si bingwa wa akili lakini naandika dawa hizi mara kwa mara. Uzi ni mzuri na orodha ile ya sitalopramu kila anayeandika dawa hizi angepaswa kuijua. Naomba kuweka uzito upande wa pili, kwa sababu msomaji anaweza kutoka hapa akidhani kila mtu aache, au kila anayeacha atateseka.

Kuhusu wangapi wanapata dalili, takwimu zinagongana. Mapitio ya utafiti ya Davies na Read ya mwaka 2019 yalikadiria asilimia 56. Uchambuzi mkubwa uliotoka Lancet Psychiatry mwaka 2024 ulikuta karibu asilimia 31 kwa walioacha dawa, lakini pia asilimia 17 kwa walioacha vidonge ambavyo havikuwa na dawa yoyote ndani, na dalili kali kwa kama mtu 1 kati ya 35. Kwa hiyo sehemu fulani ni hofu ya kutarajia mabaya, na hofu hiyo huumiza mwili kwelikweli. Ninaloweza kulisema upande wa mwanzisha uzi ni kwamba tafiti nyingi kati ya hizo zilihusu watu waliotumia dawa kwa wiki au miezi tu. Aliyetumia kwa miaka kumi hayumo vizuri katika hesabu hiyo, na huyo ndiye tunayekutana naye.

Kuhusu kama uache: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watu 478 waliokuwa wakitumia dawa muda mrefu na kujisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Ndani ya wiki 52, sonona iliwarudia asilimia 56 ya walioachishwa na asilimia 39 ya walioendelea. Isomeni kwa pande zote. Kuacha kunaongeza hatari, hilo ni kweli. Na asilimia 44 waliacha, mwaka ukaisha, sonona haikurudi. Na kuendelea na dawa nako hakukuwa kinga kamili.

Ambao kwangu nitawazuia kwanza: aliyepata nafuu juzi tu (tunataka angalau miezi 6 ya kuwa mzima, na kwa ambaye ugonjwa umemrudia mara kadhaa tunazungumza kuhusu miaka 2 au zaidi), aliyewahi kujaribu kujiua alipoumwa, mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka ambaye dawa zake zinategemeana, na mtu aliye katikati ya msiba, talaka au kupoteza kazi. Huyo wa mwisho simkatazi. Namwambia asubiri bahari itulie.

#8 Mzani (mwanzisha uzi)

Daktari, ahsante. Hilo la vidonge visivyo na dawa lilihitaji kusemwa na mwenye kalamu yako. Nakubaliana na yote, ila kwa aliye mbele yangu dirishani asilimia haimsaidii sana. Hatujui kama yeye ndiye yule mmoja kati ya 35. Kuanza polepole ndiyo njia pekee ya kumjua bila kumuumiza.

#9 BintiWaPili

Naomba niulize bila kujificha. Kama nikiacha naumwa, na nikimeza napona, si ina maana mimi ni teja? Mama yangu alinionya kabla sijaanza, na sasa naogopa hata kumwambia.

#10 ZamuYaUsiku

Hapana binti. Teja hutamani dawa, huitafuta kwa gharama yoyote, huongeza dozi ili apate ulevi, na maisha yanaharibika kwa ajili yake. Wewe hutamani kitu, ndiyo kwanza unataka kuachana nayo. Mwili wako umeizoea, basi. Hilo hutokea pia kwa dawa za presha za kundi la beta na kwa dawa za steroidi, ambazo nazo haziachwi ghafla, na hakuna anayemwita mgonjwa wa presha teja.

Lakini sitaki nikudanganye kwa upande wa pili. Kuna wenzangu waliowahi kuwaambia wagonjwa "hazina shida yoyote ukitaka kuacha", na mgonjwa alipoumwa akaona ametapeliwa. Alistahili kuambiwa siku ya kwanza kwamba siku ya kuacha itahitaji mpango. Mwambie mama yako hivyo hivyo: dawa ilikusaidia, mwili umeizoea, na unaitoa kwa mpango wa daktari.

#11 Fundi_wa_Saa

Hesabu za 16.2 na 14.6 nimezielewa. Swali langu ni la mikono. Kidonge kidogo kabisa ninachopata ni miligramu 10. Naipataje 1.5? Nikisaga?

#12 Mzani (mwanzisha uzi)

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza uliza kama dawa yako ipo ya maji. Kadhaa zipo. Fluoksetini ya maji, kwa mfano, mara nyingi huwa miligramu 20 ndani ya mililita 5, maana yake mililita 1 ina miligramu 4, na ukitaka 2 unavuta nusu mililita kwa bomba la sindano lisilo na ncha, lile la kunyweshea watoto dawa. Kijiko cha chai usikitumie kabisa. Soma lebo kila chupa mpya, kwa sababu nguvu hutofautiana. Na sitalopramu ya matone ina hesabu yake: miligramu 8 za matone zinalingana na 10 za kidonge. Usipolijua hilo utakuwa umejipandisha wakati unadhani umesimama.

Kama haipo ya maji, vidonge vya kawaida vyenye mstari katikati vinaweza kukatwa kwa kikata vidonge. Kisu cha jikoni hutoa vipande visivyolingana. Kwa dozi ndogo zaidi ya robo, mwombe mfamasia. Baadhi ya maduka ya dawa hutengeneza dozi maalumu kwa cheti cha daktari, na baadhi ya vidonge vinaweza kuyeyushwa kwenye maji kwa kipimo. Ni baadhi, si vyote, na mchanganyiko mwingi haukai hadi kesho. Kwa hiyo usijibunie.

Kusaga: KAMWE usisage kidonge au kapsuli inayotoa dawa polepole, kama venlafaksini ya siku nzima. Utapata dozi ya siku nzima kwa mara moja. Duloksetini nayo punje zake zimefunikwa zisiharibiwe na asidi ya tumbo, hivyo hazisagwi. Wapo wanaofungua kapsuli za namna hii na kupunguza punje chache kila hatua. Nimewahi kuona ikifanyika vizuri, chini ya usimamizi, kwa aina ya kapsuli inayoruhusu. Si zote zina punje ndani. Nyingine zina vidonge vidogo vichache, na hapo hesabu inabadilika.

Ukishuka hatua, kaa hapo angalau wiki mbili hadi nne. Mwili wako ukitetereka, subiri utulie kabla ya hatua inayofuata. Ukitetereka sana, rudi hatua moja juu, si hadi mwanzo. Kusimama miezi miwili mahali pamoja ni sehemu halali kabisa ya safari.

#13 NilivukaSalama

Niongeze ya maisha ya kila siku, kwa kuwa dawa ni nusu ya kazi.

Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Mimi nilitaka kuacha dawa, kahawa na sukari mwezi mmoja, daktari wangu akanizuia, na nashukuru. Hungejua kipi kimekuumiza. Ila kama unapata moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, punguza kahawa polepole na usiinywe baada ya mchana. Pombe iache kabisa kipindi hicho. Inaleta usingizi wa saa mbili na wasiwasi wa siku nzima.

Kuamka saa ileile kulinisaidia kuliko kulala saa ileile. Nilikuwa natembea kila asubuhi hata siku ambazo kichwa kilikuwa kinapiga shoti, taratibu, karibu na nyumbani. Nilijizuia kuendesha gari siku za kizunguzungu. Wimbi likija nilijiambia kwa sauti "hili ni la dawa, litapita", na nikaahirisha maamuzi yote makubwa. Msijiuzulu kazi wala kuvunja uchumba katikati ya wimbi. Nasema kwa uchungu, nimeona watu wangu wa karibu wakifanya hivyo.

Na tafuta tiba ya mazungumzo KABLA ya kuanza kushuka, si baada ya kuanguka.

#14 ZamuYaUsiku

Hilo la mwisho lina ushahidi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliwachukua watu 424 ambao sonona iliwahi kuwarudia mara nyingi. Nusu waliendelea na dawa. Nusu walipewa mafunzo ya wiki nane ya kutulia na kuyatazama mawazo bila kubebwa nayo, huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa. Ndani ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia asilimia 47 ya kundi la dawa na 44 ya kundi la mafunzo. Walikaribiana sana. Kwa anayetaka kutoka kwenye dawa, huo ni mlango halisi.

Jingine, kwa vijana na wazazi wao: mabadiliko ya dozi, juu au chini, ni kipindi cha kuangaliwa kwa karibu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004 kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaotumia dawa hizi, na mwaka 2007 ikalipanua hadi miaka 24. Kijana anayeshuka dozi asiishi peke yake wiki hizo.

#15 BintiWaPili

Nimemwambia mama. Alinyamaza, akaniambia atakuja kukaa na mimi. Kuna dada yangu mmoja naye amegundua ana mimba na ametupa dawa zake zote jana. Naye nimwambie nini?

#16 ZamuYaUsiku

Mwambie ampigie mkunga au daktari wake leo hii. Kuacha ghafla kwa kuogopa mtoto ni jambo la kawaida na linaeleweka, lakini sonona isiyotibiwa wakati wa mimba nayo inamdhuru mama na mtoto. Kuna dawa ambazo tunapendelea kuziepuka mapema katika mimba, paroksetini ikiwemo, na kuna ambazo wanawake wengi huendelea nazo. Uamuzi huo unafanywa kwa kupima hali yake yeye. Dawa asizokote jalalani, lakini asikae bila kumwona mtu.

#17 Fundi_wa_Saa

Na hizi dawa za mitishamba zinazouzwa kama za "kutuliza akili", nikizitumia kujazia pengo?

#18 Mzani (mwanzisha uzi)

Usijazie pengo na chochote ambacho daktari hakijui. Mmea wa hiperiko (St John's wort), unaouzwa sana kwa ajili ya huzuni, unapandisha serotonini. Ukikutana na dawa yako unaweza kuleta sumu ya serotonini: homa, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuhara, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Tramadoli ya maumivu nayo ina hatari hiyo, na dekstromethofani iliyomo kwenye dawa nyingi za kikohozi vilevile. Dalili hizo ukiziona, ni hospitali moja kwa moja.

Ninyi mnaotumia amitriptilini, pengo lenu lina sura nyingine kidogo: tumbo kuvurugika, jasho, mate mengi, usingizi kukatika. Taratibu ni ileile.

Na kuna dalili moja watu hawaijui jina wala hawaisemi: kutotulia kwa ndani kunakomfanya mtu ashindwe kukaa, atembee huku na huko, ahisi kutaka kuitoka ngozi yake. Hiyo isisubiri miadi. Ni ya dharura kama zilivyo fikra za kujidhuru, kuona au kusikia visivyokuwepo, na kuchanganyikiwa.

#19 KichwaKizito

Wakuu, nimerudi. Daktari amenirudisha paroksetini kidogo, chini ya ile 20, kila siku. Shoti zimepungua sana, nimelala. Ameniandikia ya maji kwa ajili ya kushuka. Ninauliza moja tu: nikifika sifuri, ndiyo imeisha?

#20 Mzani (mwanzisha uzi)

Nimefurahi sana kusikia umelala kaka.

Sifuri si siku ya kuagana na daktari. Panga miadi ya wiki chache baada ya dozi ya mwisho, na nyingine baada ya miezi kadhaa, kwa sababu sonona ikirudi mara nyingi hurudi katika mwaka wa kwanza. Kabla hujafika huko, kaa na mdogo wako mwandike dalili zako za mwanzo kabisa za ugonjwa wenyewe, zile za kabla hujazidiwa. Kuacha kupokea simu, kuamka saa tisa usiku, chochote kilicho chako. Yeye atakiona kabla yako, na mkubaliane mapema kwamba akikiona atasema na wewe utamsikiliza.

Chupa ikibaki na dawa, usiihifadhi kwa ajili ya siku mbaya na usimpe mtu. Irudishe duka la dawa.